Mohamed Amin

Mohamed Amin (29 Agosti 1943 – 23 Novemba 1996), aliyejulikana zaidi kwa jina fupi la Mo, alikuwa mpiga picha wa habari, mpiga picha za televisheni na mchapishaji wa vitabu kutoka nchini Kenya. Alikulia Dar es Salaam, na ndiko alikoanzia kazi yake. Anakumbukwa hasa kwa picha za njaa ya Ethiopia ya mwaka 1984, ambazo zilionyeshwa na vituo vya televisheni karibu dunia nzima na kusababisha michango mikubwa ya fedha na chakula.

Asichanganywe na Idi Amin, rais wa Uganda kuanzia 1971 hadi 1979. Hawakuwa na undugu, ingawa Mo alimpiga picha mara nyingi.

Maisha ya awali

Mo alizaliwa katika mtaa wa Eastleigh, Nairobi, katika familia ya Waislamu wenye asili ya Punjab. Baba yake, Sardar Mohamed, alikuwa mfanyakazi wa reli. Watumishi wa reli walihamishwa kutoka kituo kimoja kwenda kingine, na Mo alipokuwa bado mtoto familia ilihamia Dar es Salaam. Tanganyika wakati huo ilitawaliwa na Waingereza, na shule zilitengwa kwa rangi: Waafrika kwao, Waasia kwao, Wazungu kwao.

Akiwa na umri wa miaka 11 alinunua kamera ya mtumba aina ya Box Brownie kwa shilingi 40. Brownie ilikuwa kamera ya kampuni ya Kodak, iliyoanza kuuzwa mwaka 1900 ili mtu wa kawaida, hata mtoto, aweze kupiga picha. Kwa umbo ni sanduku tu. Ina lenzi moja ndogo isiyobadilishwa wala kusogezwa, na mlango wa lenzi hufunguka kwa kasi ile ile kila mara. Mwenye kuitumia huishika usawa wa tumbo, huchungulia kidirisha kidogo kwa juu, kisha hubonyeza. Kitu kilicho umbali wa hatua chache au zaidi hutokea vizuri kiasi. Kilicho karibu sana hutokea na ukungu, na kinachokimbia huacha mstari. Kwa kuwa lenzi haiwezi kuvuta kitu cha mbali, anayetaka sura ya mtu ionekane vizuri hana budi kutembea mpaka alipo mtu huyo.

Mo hakukaa na sanduku hilo kwa muda mrefu. Hata hivyo tabia ya kusogea karibu haikumtoka, na katika kazi yake yote ndiyo iliyompa picha zake kubwa na majeraha yake makubwa.

Alipokuwa bado mwanafunzi alijifunza kusafisha filamu na kuchapa picha, akaanza kuziuza kwa magazeti. Hapo aligundua jambo ambalo wapiga picha wengi wa studio za mjini hawakulijali: picha ya harusi inauzwa kwa familia moja, lakini picha ya habari ile ile inaweza kuuzwa kwa magazeti kumi, iwapo itafika mapema.

Kamera za wakati wake

Mwaka 1954, ambao Mo alitimiza miaka 11, kampuni ya Leitz ya Wetzlar, Ujerumani, ilitoa kamera ya Leica M3. Ilikuwa kamera ndogo ya filamu ya milimita 35 yenye kipima umbali. Katika kamera za aina hii mpiga picha haoni kupitia lenzi yenyewe, bali kupitia dirisha la pembeni. Katikati ya dirisha hilo kitu kinachopigwa huonekana mara mbili, taswira moja juu ya nyingine. Anapozungusha lenzi, taswira hizo husogeleana, na zinapokuwa moja, picha imepata umbali sahihi. Leitz walikuwa na mfumo huo tangu 1932, mwaka ambao pia washindani wao Zeiss Ikon walitoa kamera ya Contax.

Tangu hapo wapenzi wa kamera hizi wamekuwa wakioneshana picha na kulinganisha lenzi: ipi inatoa ncha kali zaidi, ipi inafaa penye mwanga hafifu, ipi inatoa rangi tulivu. Mabishano hayo yalikuwa ya Wajerumani watupu hadi mwaka 1950, wakati mpiga picha wa Marekani David Douglas Duncan alipofunga lenzi za Nikkor za Kijapani kwenye kamera zake za Leica akaenda nazo vita vya Korea. Mwaka 1959 ilikuja Nikon F, ambayo kwa kutumia kioo cha ndani humwezesha mpiga picha kuona kile kile inachokiona lenzi. Ilirahisisha kazi ya lenzi ndefu, na polepole waandishi wa habari wengi wakahamia kwenye kamera za kioo. Zile za kipima umbali zilibaki na sifa ya udogo na ukimya, kwa kuwa hazina kioo cha kupiga kelele kinapojiinua.

Mo aliingia kazini katikati ya mabadiliko hayo. Lakini kwake kulikuwa na mabadiliko mengine makubwa zaidi: televisheni. Mapema alitambua kwamba mashirika ya London na New York yalihitaji picha zinazotembea kuliko picha za mnato. Kwa hiyo alijizoeza kubeba kamera ya sinema pamoja na kamera za kawaida, akipiga zote mbili katika tukio moja. Filamu iliwekwa katika kopo la bati, ikapelekwa uwanja wa ndege, ikasafishwa Ulaya. Aliyechelewa ndege ya jioni alikuwa amepoteza habari, hata angekuwa na lenzi bora kuliko wote.

Camerapix na mapinduzi ya Zanzibar

Mwaka 1963, akiwa na miaka 20 hivi, alianzisha kampuni ya Camerapix mjini Dar es Salaam. Wakati ulikuwa mzuri kwa kazi hiyo. Tanganyika ilikuwa imepata uhuru Desemba 1961, na mji ulikuwa kimbilio la wapigania uhuru kutoka kusini mwa Afrika. Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Desemba 1963, na baada ya mwezi mmoja na siku chache, tarehe 12 Januari 1964, serikali ya Sultani Jamshid ilipinduliwa. Mo alikuwa miongoni mwa wapiga picha wachache waliofika visiwani katika siku hizo. Kabla hali haijatulia, tarehe 20 Januari askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, na habari kubwa ikahamia mlangoni kwake.

Zanzibar ndiko alikopata pigo la kwanza. Alirudi huko kupiga picha za wakufunzi wa kijeshi kutoka nchi za kambi ya Kisovyeti, jambo ambalo watawala hawakutaka lionekane nje. Alikamatwa, akafungwa katika gereza la Kiinua Miguu kwa takriban wiki nne na kuteswa. Alipoachiwa alirudishwa Kenya. Mnamo 1966 Camerapix ilikuwa imehamia Nairobi, na tangu hapo Dar es Salaam ikawa mji wa kupita tu kwa mtu aliyejifunza kazi yote humo.

Nairobi

Kutoka Nairobi Mo alifanya kazi hasa na Visnews, shirika la London lililosambaza picha za habari kwa vituo vya televisheni na ambalo baadaye liliingia chini ya Reuters. Mtazamaji wa Tokyo au Toronto aliona picha zake bila kujua jina lake, kwa kuwa kituo kilichonunua hakikulazimika kumtaja.

Tarehe 5 Julai 1969 waziri wa Kenya Tom Mboya alipigwa risasi alipokuwa akitoka katika duka la dawa kwenye barabara iliyoitwa Government Road, sasa Moi Avenue. Mo alifika baada ya muda mfupi, akaingia pamoja na majeruhi ndani ya gari la wagonjwa na kupiga picha wakati watu wakijaribu kumwokoa Mboya, ambaye alikuwa na miaka 38. Picha hizo zilimpatia tuzo ya mpiga picha bora wa televisheni wa mwaka nchini Uingereza. Kwa Wakenya wengi zilikuwa, na bado ni, picha ngumu kutazama. Zinaonyesha waziwazi namna Mo alivyoelewa kazi yake: kwanza piga, maswali yatakuja baadaye. Si kila mwandishi wa habari anakubaliana na msimamo huo.

Alifika Uganda mara baada ya mapinduzi ya Januari 1971 na alifuatilia utawala wa Idi Amin hadi ulipoangushwa Aprili 1979 na jeshi la Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda. Mwaka 1980, yeye na mwandishi wa BBC Brian Barron walimpata Idi Amin uhamishoni Saudia na kumhoji mbele ya kamera.

Pamoja na habari za vita, alikuwa na upande mwingine ambao wasomaji wa Afrika ya Mashariki waliujua zaidi kupitia maduka ya vitabu. Camerapix ilichapisha vitabu vingi vikubwa vya picha za rangi, vingi vikiwa na picha zake na za mwenzake Duncan Willetts. Miongoni mwake ni Cradle of Mankind, kuhusu eneo la Ziwa Turkana; Run Rhino Run, kuhusu kupungua kwa vifaru; Journey through Kenya na Journey through Tanzania. Kitabu chake kuhusu hija ya Makka kilitokana na ruhusa ambayo wapiga picha wachache sana wamewahi kupewa. Kingine, Railway Across the Equator, kinahusu reli ya Afrika ya Mashariki, iliyokuwa imelisha familia yake. Katika vitabu hivi kuna mandhari zilizopigwa kwa subira, mwanga wa asubuhi, na nyuso zilizotulia, mambo ambayo mtu aliyemjua kwa picha za mapigano asingeyatarajia.

Njaa ya Ethiopia

Kufikia mwaka 1984 maeneo ya kaskazini mwa Ethiopia yalikuwa yamekosa mvua kwa misimu kadhaa. Ukame haukuwa sababu pekee. Serikali ya kijeshi iliyojulikana kama Derg, chini ya Mengistu Haile Mariam, ilikuwa ikipigana na waasi wa Tigray na Eritrea, na vita hivyo vilivunja masoko, viliharibu mazao na kuzuia chakula kufika. Mnamo Septemba mwaka huo serikali iliadhimisha miaka 10 ya mapinduzi kwa sherehe kubwa Addis Ababa, na waandishi wa nje walizuiwa kwenda kaskazini.

Mo, aliyekuwa na watu wanaomfahamu serikalini, alifanikiwa kupata vibali. Mnamo Oktoba alisafiri pamoja na Michael Buerk wa BBC hadi Korem na Mekele. Korem ni mji mdogo wa nyanda za juu, kwenye baridi kali, na makumi ya maelfu ya watu walikuwa wamekusanyika hapo wakingoja chakula ambacho hakikutosha. Kila alfajiri maiti za waliokufa usiku zilikuwa zikifungwa katika magunia na nguo kuukuu. Mo alipiga picha taratibu, bila kurukaruka, akiipitisha kamera juu ya umati uliokaa chini na kisha kuikaribisha kwa mtu mmoja mmoja.

Taarifa hiyo ilirushwa na BBC tarehe 23 Oktoba 1984. Ilichukuliwa na vituo vipatavyo 425 duniani. Huko Marekani ilionyeshwa na NBC. Kuanzia hapo mambo yalikwenda kwa kasi: mwezi uliofuata Bob Geldof na Midge Ure waliwakusanya wanamuziki wa Uingereza na kurekodi wimbo wa Band Aid; mwanzoni mwa 1985 wanamuziki wa Marekani walirekodi wao; na tarehe 13 Julai 1985 tamasha la Live Aid lilifanyika London na Philadelphia kwa wakati mmoja. Idadi ya waliokufa kwa njaa hiyo hukadiriwa kati ya watu 400,000 na milioni moja. Ni wazi pia kwamba wengi waliishi kwa sababu ya msaada uliofuata picha zile.

Lakini picha hizo zimekuwa na wakosoaji wake, na hoja zao si nyepesi. Ya kwanza ni kwamba zilionyesha njaa kama janga la asili tu, huku vita na sera za Derg vikibaki nje ya fremu. Serikali ilitumia hali hiyo kuhamisha watu kwa nguvu kutoka kaskazini kwenda kusini-magharibi, na sehemu ya msaada ilipita mikononi mwa wale wale waliokuwa wakipigana. Ya pili inahusu heshima ya waliopigwa picha: watu wa Korem walionekana na mamilioni ya watazamaji, lakini wachache mno walitajwa kwa majina au kupewa nafasi ya kusema. Kwa miaka mingi iliyofuata mtoto mwenye njaa akawa ndiyo sura ya Afrika katika matangazo ya kuomba michango. Mwaka 1989 mashirika yasiyo ya kiserikali ya Ulaya yalikubaliana kanuni za maadili kuhusu picha za nchi maskini, kwa kiasi kikubwa kutokana na mjadala ulioanzia hapo.

Lawama hizo haziwezi kuwekwa zote begani kwa Mo. Yeye hakuandika maneno yaliyosomwa juu ya picha, wala hakuchagua zilivyotumiwa baadaye. Inafaa pia kukumbuka kwamba wakati huo ilikuwa nadra kwa habari kubwa ya Afrika kupigwa na Mwafrika wa kuzaliwa, aliyeifahamu Ethiopia kwa safari nyingi za miaka mingi.

Kupoteza mkono

Derg ilianguka mwishoni mwa Mei 1991, waasi walipoingia Addis Ababa. Siku chache baadaye, mapema mwezi Juni, ghala la silaha lililipuka katika mji huo. Mo alikwenda kupiga picha ya moto pamoja na wenzake, akiwemo fundi wa sauti John Mathai kutoka Kenya. Mlipuko wa pili uliwakuta wakiwa karibu. Mathai alikufa papo hapo, na Mo alijeruhiwa vibaya hata mkono wake wa kushoto ukakatwa.

Wengi walidhani kazi imekwisha, maana kamera ya televisheni ya wakati huo ilikuwa mzigo wa begani uliohitaji mikono miwili: mmoja wa kushika, mwingine wa kuzungusha lenzi. Mo alipata mkono wa bandia unaoendeshwa kwa umeme, akajifunza upya namna ya kushika kamera, na baada ya miezi michache akarudi kazini. Mwaka 1992 alipewa nishani ya MBE ya Uingereza.

Kifo

Tarehe 23 Novemba 1996 Mo alipanda ndege ya shirika la Ethiopian Airlines, safari namba 961, kutoka Addis Ababa kwenda Nairobi. Aliyesafiri naye ni Brian Tetley, mwandishi aliyeshirikiana naye katika vitabu vingi na aliyeandika kitabu cha maisha yake. Muda mfupi baada ya kuruka, vijana watatu waliiteka ndege hiyo aina ya Boeing 767 na kumwamuru rubani Leul Abate aende Australia. Rubani aliwaeleza kwamba mafuta hayatoshi, wakakataa kumwamini. Ndege ilifuata pwani kuelekea kusini, kisha ikageukia visiwa vya Komoro, ambako injini zilizimika moja baada ya nyingine.

Abiria walionusurika walisimulia kwamba Mo alisimama na kujaribu kuzungumza na watekaji, na alikuwa bado amesimama ndege iliposhuka. Iligonga bahari karibu na ufuko wa hoteli ya Le Galawa, katika kisiwa cha Ngazija, ikavunjika vipande. Kati ya watu 175 waliokuwamo, 125 walikufa, wakiwemo Mo, Tetley na watekaji wote watatu. Tukio hilo lilinaswa kwa kamera ya video na mtalii aliyekuwa ufukweni, na picha zake zilionyeshwa duniani kote kwa njia zile zile ambazo Mo alikuwa amezitumia kwa zaidi ya miaka 30. Alikuwa na umri wa miaka 53.

Urithi

Camerapix iliendelea chini ya mwanawe, Salim Amin, ambaye pia alikuja kuanzisha shirika la habari la A24 Media na kituo cha kufundisha vijana uandishi wa habari wa televisheni mjini Nairobi. Filamu ya maisha ya Mo, iitwayo Mo & Me, ilitolewa mwaka 2006; ndani yake mwana anamweleza baba aliyekuwa maarufu duniani lakini haba nyumbani.

Hazina ya picha iliyobaki Nairobi ni kubwa mno: mamilioni ya picha za mnato na maelfu ya saa za filamu na video, kuanzia Dar es Salaam ya miaka ya mwanzo ya uhuru, mikutano ya wakuu wa Afrika, mashindano ya magari ya Safari, hadi harusi na mazishi ya watu wasiojulikana. Sehemu yake imehamishiwa katika mfumo wa dijitali. Kazi hiyo ni ya polepole, kwa sababu kila negativu inahitaji kusafishwa vumbi na kutafutiwa tarehe, mahali na majina ya walio ndani yake, na watu wanaoweza kuyataja majina hayo wanazidi kupungua.